Ute Niliokuwa Nikiutupa

Ukitaka kujua kama utumbo wa ngamia umeoshwa vizuri, uinue uelekee jua. Ukiona mwanga unapenya, na kidole kikiushika hakitelezi, basi huo umeoshwa na Fosia. Sijisifu bure. Wenye hoteli za Garissa walikuwa wakifika machinjioni asubuhi na kuuliza, "Ya Fosia yako wapi?" kabla hata hawajauliza nyama.

Kazi yenyewe wengi hawaiwezi. Utumbo unakuja wa moto kutoka kwa mnyama aliyechinjwa sasa hivi, mzito, umejaa majani ya miiba aliyoyala jana. Unaukamua. Unaugeuza nje ndani kwa kijiti. Unaumwagia maji ya moto, lakini si yanayochemka, kwa sababu yanayochemka yanaupika, na ukishapikwa hautoi tena uchafu wake. Kisha chumvi, kisha majivu, kisha mgongo wa kisu. Unakwaruza mpaka ule ute wa ndani, laini kama maziwa yaliyoganda, utoke wote na kuteremka mtaroni. Korongo wa Garissa, wale wakubwa wenye upara, husimama kando ya mtaro wakiungoja. Kwa miaka kumi na mitatu niliwalisha ute.

Tunaoshea juu ya mawe ya saruji. Mawe ni saba, na wanawake wanaoyataka ni wengi. La kwanza, karibu na bomba, lilikuwa langu. Jiwe hulipati kwa kuomba, unalipata kwa jina. Wachinjaji wakiamini kwamba utumbo waliokukabidhi ndio utakaotoka mikononi mwako, huupunguzi wala hubadilishi wa ngamia kwa wa ng'ombe, jiwe ni lako. Jina likichafuka, jiwe linakwenda kwa mwingine siku hiyo hiyo. Mimi sikuwa na kitu kingine duniani ila binti yangu Iftin na jiwe hilo.

Ningekuwa na kingine kama mambo yangegawanywa kwa haki. Tulizaliwa upande wa Banissa, kule Mandera, mimi na mdogo wangu Sakariye, baba mmoja, mama mmoja. Mimi niliweza kujua mbuzi aliyepungua kwenye kundi bila kuhesabu, kwa kutazama tu pengo alipokuwa akitembea. Yeye alikuwa akilia kwa kusahau alikoacha viatu. Lakini shule ilipotafutwa, aliyepelekwa ni yeye. Mimi nilipofika miaka kumi na tano niliozwa, na ngamia walioletwa kwa ajili yangu wakauzwa mmoja mmoja, kila shule ilipodai, mpaka Sakariye akamaliza chuo. Nawakumbuka wale ngamia kwa rangi zao. Wa mwisho alikuwa jike mwekundu mwenye sikio lililochanika. Huyo ndiye aliyeishia kwenye koti jeupe analolivaa Sakariye kwenye maabara ya chuo hapa Garissa.

Mume naye akaniacha ukame ulipomaliza mifugo yake, kana kwamba mimi ndiye niliyezuia mvua. Nikaja Garissa na Iftin mgongoni, nikabisha mlango wa Sakariye. Mkewe akanipa chai. Sakariye akanitafutia chumba mtaa wa Galbet, akasema nitapata kazi machinjioni. Nikaipata. Tangu hapo, akinikuta njiani naye yuko na wenzake wa kazini, huniita "mama", kama anavyomwita mwanamke yeyote anayeuza maziwa.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiishi mpaka mwaka ule nzige walipokuja.

Walishuka kutoka Mandera, wakapita Wajir, wakafika kwetu mchana kama moshi wenye mlio. Watu wa Galbet walitoka na madebe na sufuria, wakapiga. Nzige wakahama kutoka mwarobaini wa huyu kwenda mwarobaini wa jirani. Jirani akapiga, wakarudi. Ilikuwa hivyo wiki nzima. Katikati ya kelele hizo Sakariye akaja kusimama langoni mwa machinjio, leso puani, dereva wa chuo nyuma yake.

"Mama," aliniita, ndugu yangu huyo. "Kuna daktari chuoni anafanya utafiti. Anahitaji utumbo mwembamba wa ngamia, wa leo leo. Na nzige hai, mfuko mmoja. Kila Jumanne kwa wiki tatu. Maelezo yote yako hapa."

Akaninyooshea karatasi kwa ncha za vidole, nikaipokea, naye akageuka. Katika Garissa nzima hakuna mtu aliyejua vizuri kuliko yeye kwamba sisomi, na kwa nini sisomi.

Lul, anayeosha kwenye jiwe la pili, alikuwa ametutazama muda wote. Lul hana siri wala sauti ya chini.

"Naa Fosia, huyo kijana nadhifu ni nani? Anasimama kama aliyekanyaga samadi na hajui aiache wapi."

"Mtu wa chuo," nikasema.

Kusoma nimejifunza baadaye, kwenye darasa la watu wazima, na ndiyo maana leo naweza kuandika haya mwenyewe. Siku zile ningeweza kumwomba karani wa machinjio anisomee. Sikumwomba. Nilijiambia, karatasi itanifundisha nini mimi kuhusu utumbo? Nikaikunja, nikaitia kwenye mkoba wa sabuni. Kosa hilo ni langu, simtwishi mwingine.

Jumanne ya kwanza nilimchagua ngamia dume kijana, mwenye afya, nikaomba utumbo wake. Kwetu mgeni hapewi kitu kichafu, na huyu daktari nilimhesabu mgeni wangu. Kwa wenye hoteli naosha mara moja. Kwa daktari niliosha mara mbili. Nilikwaruza mpaka mkono ukaniuma, nikauinua juani, ukang'aa kama kioo cha madirisha ya msikiti wakati wa jua la asubuhi. Nikaulaza kwenye ndoo mpya yenye kifuniko.

Nzige hakuna mtu anayewaosha. Niliwashika asubuhi mapema, wakiwa bado wamelegea kwa baridi, nikawatia kwenye gunia la unga, wazima, na kila kitu chao tumboni.

Dereva akaja, akachukua. Jumanne ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Nilikuwa nikitembea kichwa juu, nikiwaambia wenzangu, "Matumbo yangu yanasoma chuo."

Siku chache baada ya Jumanne ya tatu, Sakariye akaja tena, na safari hii hakusimama langoni. Aliingia ndani hadi kwenye mawe, pamoja na Noordin, msimamizi wa machinjio. Noordin ni mtu wa haki, lakini anawaogopa watu wenye makoti meupe.

"Fosia," akaanza Noordin, "chuo wanasema ule utumbo uliowapa si wa ngamia."

"Ni wa nani basi?"

Noordin akamtazama Sakariye. Sakariye akatazama ukuta.

"Hatujui," akasema. "Labda wa mnyama mgonjwa, labda wa juzi. Tumepima mara tatu. Kile tunachotafuta, nzige wanacho tele. Kwenye utumbo wako hakuna hata chembe. Ngamia mzima hawezi kukosa. Kwa hiyo kuna aliyebadilisha."

"Waryaa!" Lul akainuka, kisu mkononi. "Mdudu anacho, ngamia hana? Basi nendeni mkawakamue nzige mnywe maziwa!"

Wanawake wakacheka, hata wachinjaji wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikimtazama mdogo wangu nione kama atanitazama machoni. Hakunitazama.

"Niliuchagua mwenyewe," nikamwambia Noordin. "Mchinjaji yupo, muulize."

"Mchinjaji anajua alichokupa. Hajui ulichotoa." Alisema kwa huzuni, lakini alisema. "Hili ni jina la machinjio yote, Fosia. Jiwe lako atalishika Deka mpaka neno hili lijulikane. Na lisipojulikana..."

Hakumaliza. Deka, ambaye alikuwa amelingoja jiwe kwa miaka mitatu, alikwisha kuinua ndoo yake.

Nilikiacha kisu pale pale. Sikwenda nyumbani kulia. Nilitoka na nguo zangu za damu na majivu, nikashika barabara ya chuo kwa miguu, katika jua lile la Garissa linalokausha hata mate. Wapita njia waliniachia nafasi pana. Mlinzi wa chuo alitaka kunizuia, nikamwambia, "Mwite daktari wa ngamia na nzige. Asipokuja nakaa hapa, na harufu hii inakaa nami." Akapiga simu haraka.

Aliyekuja alikuwa mwanamke mwembamba, mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, mtandio wa kijani, kalamu sikioni. Daktari Qabale Dullo, Mborana wa Wajir. Yeye kwao Kiborana, mimi kwetu Kisomali. Tulikutana kwenye Kiswahili, kila mmoja na cha kwake cha kuazima, kwa hiyo hakuna aliyemwonea mwenzake aibu.

"Mimi ndiye mwanamke wa matumbo," nikamwambia. "Umesema nimekuibia."

"Mimi sijasema hivyo, mama. Nimesema vipimo haviingii akilini." Akanitazama toka juu hadi chini, nguo zile na miguu ile yenye vumbi. "Ingia kwanza unywe maji."

Akaniingiza na nguo zangu mpaka ndani ya maabara. Sakariye alikuwemo, amefika kabla yangu kwa gari. Aliponiona akasimama, akakaa, akasimama tena.

"Nieleze unachotafuta," nikamwambia daktari. "Nieleze kama unavyomweleza mtoto, lakini usinifiche kitu."

Nitamsifu Qabale mpaka nife kwa sababu hakucheka. Alivuta kiti karibu.

"Mwili wote umejengwa kwa seli," akasema. "Ni kama vyumba vidogo sana, huwezi kuviona kwa macho. Nje ya kila chumba zimesimama protini, na kwenye protini hizo zinaning'inia nyuzi ndefu za sukari. Si sukari ya chai. Hivi." Akashika ncha ya shali yangu pale nyuzi zake zinaponing'inia, wala hakujali damu. "Habari zikija kutoka nje, kua, gawanyika, hamia pale, acha, zinanasa kwanza kwenye nyuzi hizi. Bila nyuzi, seli ni kiziwi. Kitu hiki chote, protini na nyuzi zake, tunakiita proteoglikani."

"Na nzige anacho?"

"Hilo ndilo jambo lenyewe! Nzige na ngamia, na mimi na wewe, njia zetu zilitengana mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Kila kitu kimebadilika. Yeye ana mabawa na mifupa yake iko nje, wewe mifupa yako iko ndani. Lakini nyuzi hizi zimebaki na mpango ule ule. Wengine waliliona hilo kwa inzi na panya. Mimi nataka kuliona kwa wanyama wetu. Likiwa kweli kwetu pia, mwanafunzi wa hapa hangoji aletewe panya wa maabara kutoka mbali. Atajifunza mambo ya mwili wa mama yake kwa nzige aliyemtoa mtini."

Mambo ya mamilioni ya miaka nilimwachia yeye na Mola wake. Lakini la mpango mmoja nilielewa papo hapo. Mimi nimefungua ngamia, ng'ombe, mbuzi, kondoo, na siku moja hata twiga aliyegongwa na lori. Ndani wote wanafanana kuliko wanavyofanana nje.

"Kwenye utumbo," nikauliza, "hizo nyuzi zinakaa sehemu gani?"

"Nyingi ziko upande wa ndani, kwenye ule utando laini. Kwenye ute."

Nikakiweka chini kikombe cha maji.

"Ute? Ule unaoteleza?"

"Huo huo."

"Daktari," nikamwambia, "ute wako wote nimewapa korongo."

Akaniangalia kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa, hajui ni mlango gani. Nikamweleza maji ya moto, chumvi, majivu, mgongo wa kisu. Nikamweleza kwamba kwa ajili yake nilirudia mara mbili. Kabla sijamaliza alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili.

"Lakini niliandika! Niliandika, usioshwe, usimwagiwe maji, uletwe ulivyotoka. Mstari wa kwanza kabisa!"

"Mimi sisomi."

Akageuka polepole. "Sakariye, uliniambia ulimweleza kwa mdomo."

"Nilimpa karatasi," akasema Sakariye.

"Nilikuuliza wiki iliyopita, kama umeoshwa au haukuoshwa. Ukasema umemweleza kwa mdomo, ameelewa."

"Sikujua kama hasomi. Hawa akina mama wengine wanasoma."

Hapo ndipo nilipoinuka. Kama angenyamaza ningenyamaza. Wallahi ningenyamaza, kama nilivyonyamaza miaka yote.

"Hukujua?" nikamwambia. "Huyu, daktari, ni mdogo wangu. Titi nililoliacha ndilo alilonyonya. Ngamia walioletwa siku niliyoozwa ndio waliomsomesha. Nikimtazama hivi na koti lake, mimi naona ngamia wangu wote wamesimama hapa."

Sakariye akaigeukia ile friji yao inayonung'unika, akaifungua, akaifunga. Daktari akasema neno moja la Kiborana ambalo sikulielewa, na sikuhitaji kulielewa.

"Nitamwandikia msimamizi wako leo hii," akaniambia. "Nitasema kosa ni letu."

"Usiandike." Nilikuwa nimechoshwa na karatasi. "Ukiandika, watasema mwanamke alikwenda kulia chuoni, daktari akamwonea huruma. Mimi nataka waone. Na wewe mwenyewe unajuaje kama nasema kweli? Huenda nilibadilisha kweli, na sasa nimepata maneno ya kujifichia."

Akakunja uso, akifikiri. "Kesho niletee utumbo wa ngamia mmoja, nusu umeoshwa, nusu haujaoshwa. Ngamia yule yule. Tutapima zote mbili."

"Haitoshi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nzige unawapima na ute wao, ngamia bila ute. Ukinipa haki, mpe na nzige kisu. Nitaosha utumbo wa nzige kama ninavyoosha wa ngamia, kwa chumvi na majivu na maji yale yale. Kama kweli ni mpango mmoja, basi mkono wangu utawaibia wote wawili sawasawa. Nzige niliyemwosha atoke mtupu kama ngamia niliyemwosha. Akitoka na kitu, mimi mwongo."

Daktari Qabale alisogeza kiti chake mezani. Kisha akaitoa ile kalamu sikioni, akaanza kuandika haraka haraka.

"Mama," akasema bila kuinua kichwa, "nina wanafunzi wa mwaka wa nne ambao hawangefikiria hilo."

Asubuhi iliyofuata nilimleta ngamia wangu ndani ya ndoo mbili. Nzige tuliwapasua pale pale maabara, mimi na Qabale, kichwa kwa kichwa. Utumbo wa nzige ni mwembamba kama uzi wa kushonea viatu. Kisu kilikuwa kikubwa mno, nikatoa pini ya mtandio wangu. Nikakwaruza kwa ncha ya pini, nikipumua kwa pua, mmoja baada ya mwingine, mpaka daktari akasema macho yake yamechoka. Yangu hayakuchoka. Vikasagwa, vikatiwa dawa, vikaachwa vilowe. Akaniambia nirudi siku ya tatu.

Nilirudi na Noordin. Alivaa kikoi kipya na kofia ya Ijumaa. Lul hakualikwa, alikuja tu, na tulipomuuliza akasema amekuja kuhakikisha ngamia hatukanwi tena.

Qabale alipanga vichupa vinne vya kioo juu ya meza. Akamwita Sakariye.

"Wewe ndiye utakayetia rangi," akamwambia. "Mbele yao. Asije mtu akasema nimefanya kiinimacho."

Rangi ile ni bluu, bluu ya mbingu ya Garissa wakati wa kiangazi. Qabale akatueleza kwamba ikikutana na nyuzi za sukari zile anazozitafuta, inageuka. Isipozikuta, inabaki ilivyo. Nyuzi za aina nyingine alikuwa ameshaziondoa kwanza, zisije zikatudanganya.

Sakariye akatia kwenye kichupa cha kwanza, ngamia aliyeoshwa. Tukangoja. Bluu.

"Kama ile ya kwanza," akanong'ona.

Cha pili, nzige aliyeoshwa kwa pini. Nilishika ukingo wa meza. Hapo ndipo jiwe langu lilipokuwa, ndani ya kichupa kisichozidi kidole changu. Rangi ikazama, ikazunguka, ikatulia. Bluu.

"Mtupu," akasema Qabale, na sauti yake ilikuwa imepanda. "Nzige mtupu! Endelea."

Cha tatu, nzige hajaoshwa. Tone likaanguka, na kabla halijafika chini lilikuwa limeshakuwa zambarau.

Cha nne, ngamia wangu hajaoshwa. Sakariye aliharakisha mno hata tone la kwanza likaangukia mezani. La pili likaingia. Zambarau! Zambarau nzito, iliyokaza, kama mtandio wa bibi harusi. Lul akapiga kigelegele kilichowatoa wanafunzi madarasani.

"Ngoja, bado," Qabale akasema, naye akicheka. Akatoa vichupa vingine viwili kwenye friji. "Hapa kuna ute wa ngamia na ute wa nzige, lakini jana nilivitia mkasi. Mkasi huu ni dawa inayokata nyuzi za aina moja tu. Haikati nyingine. Kama nyuzi za mnyama na za mdudu ni za aina moja, mkasi mmoja utazikata zote."

Akatia rangi mwenyewe. Vyote viwili vikabaki bluu, sawasawa, huwezi kusema kipi ni cha nani.

Noordin alivichukua vile viwili, akavisogeza dirishani, akavigeuzageuza kwenye mwanga, kama mtu anayechagua mbuzi. Kisha akauliza swali ambalo Qabale huwasimulia wanafunzi wake hadi leo.

"Kwa hiyo wakati tunapiga madebe kuwafukuza," akasema, "tulikuwa tunafukuza jamaa zetu?"

"Wa mbali sana, mzee," akajibu Qabale. "Lakini ndiyo."

"Na Fosia hakubadilisha kitu."

"Fosia ameosha vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Ameosha hata kile ambacho mashine yangu hupata shida kukiondoa. Yeye ndiye aliyesema nzige naye aoshwe. Bila hilo, mimi leo ningekuwa nabahatisha."

Noordin akanigeukia, akaweka mkono kifuani. "Jiwe ni lako, Fosia. Njoo kesho."

Ningeweza kushukuru na kwenda. Mwanamke mwema angefanya hivyo. Mimi nikasema, "Sitakuja kesho."

"Kwa nini?"

"Nilivunjiwa jina mbele ya mawe saba. Siwezi kurudishiwa kwenye chumba kilichofungwa, mbele ya watu wanne na friji. Aliyesema pale, aje aseme pale."

Wote wakamtazama Sakariye. Alikuwa akifuta lile tone lililoanguka mezani, anafuta pahali palipokwisha kukauka.

Alikuja siku ya pili, saa mbili asubuhi, machinjio yamejaa, ngamia wa kwanza keshaangushwa. Hakuna gari la chuo, alikuja kwa miguu. Qabale alikuja pia na wanafunzi wake sita, kwa sababu tulikuwa tumekubaliana kwamba kuanzia siku hiyo watafundishwa na mimi jinsi ya kufungua utumbo bila kuupotezea ute. Deka alikuwa ameshaondoa ndoo yake juu ya jiwe langu na kuliosha, ingawa alinuna.

Sakariye akasimama mbele ya mawe. Akasafisha koo.

"Nilisema huyu amebadilisha utumbo," akasema. "Hakubadilisha. Nilipewa maelezo nimweleze, sikumweleza. Abaayo, nisamehe."

Dada. Miaka kumi na mitatu nilikuwa sijalisikia neno hilo kinywani mwake. Nililisikia, na moyo wangu ukafanya jambo ambalo sikulitarajia, lakini uso wangu sikuuruhusu.

"Sema kwa nguvu," nikamwambia. "Lul hasikii."

"Sisikii kabisa!" akapaza sauti Lul. "Masikio yangu yamejaa chumvi! Umesema huyu ni nani wako?"

Wachinjaji wakaacha visu. Sakariye akavuta pumzi, akasema tena, na safari hii sauti yake ilifika mpaka langoni alikozoea kusimama.

"Ni dada yangu! Fosia ni dada yangu, tumbo moja! Yeye ndiye aliyenisomesha. Na niliyesema uongo ni mimi."

Vigelegele vikaanzia jiwe la pili vikaenda hadi la saba. Hata Deka alipiga, kidogo. Mchinjaji mkubwa akauinua utumbo wa ngamia wa kwanza, mzito, ukitoa mvuke, akapita nao mbele ya wanawake wote sita bila kusimama, akaulaza juu ya jiwe langu.

"Wa Fosia," akasema.

Nikakunja mikono ya dera langu. Wanafunzi wakakaribia, wawili wameziba pua.

"Pua achieni," nikawaambia. "Na maji msiguse. Leo hatuoshi kitu."